Bia Ileile, Nembo Imeondoka: Kisa cha Abasia ya Koningshoeven, 1999 hadi 2005

Tarehe 1 Desemba 1999 bia ya La Trappe ilivuliwa nembo. Ndani ya chupa hapakubadilika kitu. Maji yalikuwa yaleyale ya kisima cha abasia, bia ikapikwa kwa kimea na chachu, mitungi ikawa palepale ilipokuwa jana yake, nyuma ya ukuta wa Koningshoeven, abasia (nyumba ya watawa wa Kikatoliki) iliyo nje kidogo ya mji wa Tilburg, kusini mwa Uholanzi. Kilichoondoka ni alama ndogo yenye pembe sita inayomwambia mnunuzi kwamba bidhaa hii ni ya Watrapisti kweli. Ilikaa nje karibu miaka sita, hadi Oktoba 2005.

Kwa mnywaji wa kawaida huenda hili ni jambo dogo. Mimi naona ni mojawapo ya visa vyenye mafunzo mengi kwa yeyote anayetaka kuelewa nini hutokea nyumba ya sala inapomiliki kiwanda kilichofanikiwa. Waliohusika wote walikuwa watu waadilifu, na hakuna aliyeiba wala kudanganya. Hata hivyo nembo iliondoka, na nikiutazama mgogoro wenyewe naamini ilistahili kuondoka, kama ilivyostahili kurudi.

Watrapisti ni tawi la Wasitersiani, shirika la kale la watawa wa Kikatoliki, na Wasitersiani wanaifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ileile inayofuatwa na Wabenedikto ambao wasomaji wa Ruvuma na Mtwara wanawajua kwa abasia za Peramiho na Ndanda. Tofauti yao ni kwamba Watrapisti hawakuanzishwa kwa ajili ya kuendesha parokia, shule na hospitali. Jina lao limetoka kwenye abasia ya La Trappe huko Normandy, Ufaransa, ambako katika karne ya 17 abati, yaani mkuu wa abasia, Armand-Jean de Rancé aliwarudisha watawa wake kwenye ukimya, mfungo na kazi za mikono. Siku yao huanza usiku wa manane ukielekea alfajiri, kwa sala, na mara saba hurudi kanisani kuimba zaburi. Muda unaobaki ni wa kusoma na kufanya kazi. Sura ya 48 ya Kanuni inasema kwamba hapo ndipo wanapokuwa wamonaki kweli, wanapoishi kwa kazi ya mikono yao, kama walivyoishi baba zao na mitume.

Sentensi hiyo ndiyo iliyobeba mgogoro mzima. Inataka watawa waishi kwa kazi, na kazi hiyo iwe ya mikono yao. Katika miaka mingi ya abasia masharti haya mawili hutembea pamoja. Koningshoeven mwaka 1999 yaliachana.

Abasia yenyewe ilizaliwa na hofu. Mwaka 1880 serikali ya Ufaransa ilitoa amri dhidi ya mashirika ya kitawa yasiyo na kibali, na wamonaki wa Mont des Cats, kilimani karibu na mpaka wa Ubelgiji, wakaanza kutafuta pa kukimbilia iwapo wangefukuzwa. Mwaka 1881 baadhi yao walifika karibu na Tilburg, kwenye mashamba yaliyoitwa Koningshoeven, yaani mashamba ya mfalme, kwa kuwa yaliwahi kuwa ya Mfalme Willem wa Pili. Jina lilikuwa kubwa kuliko udongo wake. Ilikuwa ardhi ya mchanga na vichaka, na makao yao ya kwanza yalikuwa zizi la kondoo. Kilimo hakikutosha kuwalisha, sembuse kujenga kanisa.

Hapo akaingia abati Nivardus Schweykart, mtoto wa mpika bia wa Munich, Ujerumani. Aliona kile ambacho mtoto wa mkulima asingekiona haraka: shamba lisilotoa ngano ya kutosha bado lina maji, na maji yenye mpishi mzuri ni mtaji. Mwaka 1884 kiwanda kikaanza, na mpika bia wa kwanza akawa bruda Isidorus Laaber. Baadaye kikapewa jina De Schaapskooi, zizi la kondoo, kwa kumbukumbu ya pale walipoanzia. Kwa hiyo tusidhani bia ilikuja Koningshoeven kama pambo juu ya maisha yaliyokwisha kukamilika. Abasia ile ilisimama kwa fedha ya bia tangu ikiwa changa.

Kuna jambo ambalo wengi wanaosimulia kisa hiki hulipita mbio. Mwaka 1999 haikuwa mara ya kwanza kwa Koningshoeven kukabidhi bia yake kwa wengine. Mwaka 1969 waliipa kampuni ya Artois ya Ubelgiji leseni ya bia yao, na mpango huo ulipofikia mwisho walianza tena kupika wenyewe mwaka 1980. Jina La Trappe na bia zinazojulikana leo zimetoka katika mwanzo huo wa pili, ikiwemo Quadrupel, bia nzito ya takriban asilimia 10 ya kileo iliyotoka mwaka 1991 na kuwafundisha wapika bia wengi duniani kulitumia neno hilo. Watawa hawa walikuwa wamewahi kuonja kuiachia kazi na kuonja kuirudisha. Uamuzi wa 1999 ulifanywa na nyumba yenye kumbukumbu.

Basi walifanya nini? Mzigo ulikuwa umezidi mabega. Wamonaki walikuwa wamepungua, wengi wao wazee, na kiwanda kilikuwa kimekua kiasi cha kudai mitambo mipya, wauzaji wa nchi za nje na uangalizi wa kila saa. Kiwanda cha bia hakiheshimu kengele ya sala. Chachu ikishaanza kufanya kazi haingoji masifu ya jioni yaishe. Kwa hiyo mwaka 1999 walifunga mkataba na kampuni ya bia ya Bavaria, ya ukoo wa Swinkels, kutoka kijiji cha Lieshout, si mbali na Tilburg. Kampuni tanzu ya Bavaria ikachukua uendeshaji wa kiwanda, na majengo na mitambo vikabaki mali ya abasia.

Jina la kampuni lisimchanganye msomaji. Bavaria ya Lieshout ni ya Uholanzi, wala haitoki jimbo la Bavaria la Ujerumani, ingawa abati aliyeanzisha kiwanda cha watawa alitoka hukohuko Munich. Kampuni hiyo nayo iliburuzana mahakamani miaka mingi na wapika bia wa Ujerumani juu ya haki ya kuitumia alama yake. Nataja hili kwa kuwa linaonyesha jinsi neno lililoandikwa kwenye chupa ya bia linavyoweza kuwa na thamani kubwa kuliko mitambo iliyoijaza.

Neno lenye thamani katika kisa chetu ni "Trappist", na wamonaki walikuwa wamelipigania kabla. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya kawaida viligundua kwamba neno hilo linauza. Mwaka 1962 mahakama ya biashara ya Ghent, Ubelgiji, iliamua kesi iliyofunguliwa na abasia ya Orval dhidi ya mpika bia wa kawaida aliyekuwa akiuza bia yake kwa jina hilo. Mahakama ilisema Trappist si aina ya bia. Ni neno linaloonyesha asili, kwamba bia imetengenezwa na wamonaki wa shirika hilo. Hukumu hii ndiyo iliyoliokoa jina. Mtu anaweza kuiga rangi na ladha ya bia ya watawa apendavyo. Asichoweza kuiga ni utawa wao.

Mwaka 1997 abasia nane ziliungana kuunda Chama cha Kimataifa cha Watrapisti. Sita zilikuwa za Ubelgiji: Orval, Chimay, Rochefort, Westmalle, Westvleteren na Achel. Moja ilikuwa Mariawald ya Ujerumani. Ya nane ilikuwa Koningshoeven yenyewe. Nembo ya pembe sita ilitungwa na chama hiki, nayo ina masharti matatu. Bidhaa itengenezwe ndani ya kuta za abasia au jirani yake, na watawa wenyewe au chini ya usimamizi wao. Biashara iwe na nafasi ya pili nyuma ya maisha ya kitawa na iendeshwe kwa namna inayolingana nayo. Mapato yatunze jumuiya na majengo yake, na ziada iende kwa wenye shida. Koningshoeven walikaa mezani masharti hayo yalipokubaliwa. Miaka miwili baadaye yakawageukia.

Chukua sharti moja moja uone palipovunjika. Kuta hazikuwa na tatizo, kwa maana hakuna tone lililopikwa nje. Mapato nayo hayakuwa na kashfa; abasia ilipata haki yake na iliendelea kusaidia wengine. Palipoleta shida ni kwenye usimamizi na kwenye swali la nani anaamua. Kwa wenzao, mkataba ule ulikuwa umewageuza wamonaki kuwa wenye nyumba. Mwenye nyumba hupokea kodi, huitazama paa, na anaweza kumfukuza mpangaji, lakini hapiki kwenye jiko la mpangaji wala hapangi nini kipikwe. Mpangaji huyu alikuwa kampuni ya biashara, na kampuni ya biashara kwa asili yake inataka kukua.

Koningshoeven walikuwa na hoja yao, na haikuwa dhaifu. Walisema bia inapikwa ndani ya monasteri ya Watrapisti, kiwanda ni chao, na mkataba unaheshimu utawa wao. Ndiyo maana, hata baada ya kuacha kutumia nembo, waliendelea kuandika neno Trappist kwenye chupa. Na kuna hoja nyingine nzito zaidi, ambayo mimi ningeitanguliza kama ningekuwa mtetezi wao. Je, mtawa mzee anayekesha na hesabu za kiwanda ni mtawa zaidi ya yule aliyeajiri watu ili apate kuwahi kanisani? Sharti la pili la nembo lenyewe linasema biashara iwe nyuma. Mtu akitaka kuirudisha nyuma biashara iliyomzidi nguvu, njia ya wazi kabisa ni kumpa mwingine aiendeshe.

Hapa ndipo naona uzito wa kisa. Sharti la usimamizi lilikuwa linawavuta kiwandani, na sharti la maisha ya kitawa linawavuta kanisani, na idadi yao haikutosha kwenda kote kuwili. Kabla ya 1999 abasia nyingine zilikuwa zimeajiri walei, na hakuna aliyelalamika; katika viwanda vya Ubelgiji walei ndio wengi. Kwa hiyo kosa halikuwa kuajiri. Kuna tofauti kati ya mfanyakazi anayeitikia kwa abati na kampuni inayoitikia kwa wenye hisa wake. Wa kwanza anaongeza mikono ya abasia, na wa pili anakuja na kichwa chake. Chama kiliiona tofauti hiyo na kikaisimamia dhidi ya ndugu zao wenyewe, jambo gumu kuliko kumshtaki mgeni. Kama kingefumba macho kwa huruma, ile hukumu ya Ghent ingekuwa imetobolewa na watawa wenyewe: kampuni yoyote ingeweza kukodi pembe ya monasteri yenye wazee wanne na kujiita Trappist.

Miaka sita ya kuwa nje haikuua bia. La Trappe iliendelea kuuzwa, na mwaka 2003 kiwanda kikatoa Witte Trappist, bia nyepesi ya ngano, aina ambayo Watrapisti wengine hawakuwa nayo. Ukitaka kupima kwa soko peke yake, Koningshoeven hawakuihitaji tena nembo. Ndiyo sababu kurudi kwao kunanigusa. Hawakusukumwa na njaa. Walitaka kutambuliwa na ndugu zao, na walikubali kubadili mambo ili watambuliwe.

Makubaliano ya 2005 hayakuivunja ndoa na Bavaria. Kampuni ile, ambayo tangu 2018 imetumia jina la ukoo wa Swinkels, bado ndiyo inayoendesha kiwanda. Kilichobadilika ni nafasi ya watawa ndani yake. Waliongezewa mamlaka juu ya shughuli za kila siku, na wakarudi kiwandani wenyewe kwa saa kadhaa kila siku. Oktoba 2005 nembo ikarudi kwenye chupa.

Wapo wanaosema hiyo ilikuwa sura tu, wazee wachache kuonekana kiwandani ili karatasi zisainiwe. Sikubaliani nao. Saa za kazi ni kitu kinachoonekana. Sahihi kwenye mkataba inaweza kulala kabatini miaka kumi bila mtu kuikumbuka, lakini bruda anayeingia kiwandani kila asubuhi anajua mtungi upi unavuja, kijana yupi amefiwa, na lini mzigo wa oda umeanza kuwakamua wafanyakazi. Anapokwenda kwenye baraza la abasia anasema alichokiona. Usimamizi hauwezekani bila habari, na habari ya kiwanda haipatikani kwa aliyekaa nje ya mlango. Watu wa 2005 walilielewa hilo vizuri kuliko watu wa 1999, nadhani kwa sababu walikuwa wamekaa nje ya mlango miaka sita.

Jambo jingine linaloniaminisha ni kazi nyingine za nyumba ile. Siku hizi Koningshoeven wana jibini, mkate, jamu, asali ya mizinga yao na chokoleti. Jibini ndiyo ninayoitazama zaidi, kwa sababu Watrapisti wameishi nayo kwa muda mrefu sawa na bia. Chimay walianza bia mwaka 1862 na jibini mwaka 1876, na mojawapo ya jibini zao huoshwa ganda kwa bia yao wenyewe. Mont des Cats, mama yao Koningshoeven, wanajulikana Ufaransa kwa jibini. Mfugaji yeyote wa pembezoni mwa Dar es Salaam au Nairobi anayenunua machicha ya bia kulisha ng'ombe ataelewa mara moja kwa nini kazi hizi mbili hukaa nyumba moja: nafaka iliyokwisha kutoa utamu wake kwenye bia huenda kwa ng'ombe, ng'ombe hutoa maziwa, maziwa hugandishwa.

Jibini pia inamfaa mtawa kwa mwendo wake. Maziwa ya leo yanashughulikiwa leo. Baada ya hapo ni kugeuza, kusugua kwa maji ya chumvi, kungoja wiki au miezi. Ni kazi inayorudiwa kila siku bila kelele, na mzee wa miaka sabini anaifanya vema. Kiwanda kidogo cha jibini hakileti kampuni ya kimataifa mlangoni. Ukiniuliza ni wapi katika Koningshoeven sentensi ya Benedikto inaonekana bila kutafsiriwa, nitakuelekeza kwenye rafu za jibini kabla ya mitungi ya bia.

Tuwaweke jirani na wengine. Mont des Cats walianza tena kuuza bia mwaka 2011, lakini inapikwa Chimay, kwa kuwa wao hawana kiwanda. Ni bia ya Watrapisti iliyopikwa na Watrapisti, na hata hivyo haina pembe sita, maana haikupikwa ndani ya kuta za wenye jina. Achel ya Ubelgiji ilipoteza nembo mwaka 2021 kwa sababu chungu zaidi: wamonaki wa mwisho waliondoka. Kiwanda kilikuwepo na bia ilikuwepo. Huko Massachusetts, Marekani, abasia ya Spencer ilifunga kiwanda chake mwaka 2022 baada ya miaka michache tu ya kupika. Sheria imekuwa ileile kwa wote, nami naiheshimu kwa hilo.

Limebaki sharti la tatu, la mapato, nalo linafika mpaka kwetu. Mwaka 1956 Koningshoeven walituma watawa Kenya, wakaanzisha monasteri ya Bikira Maria wa Victoria huko Lumbwa, mahali panapoitwa sasa Kipkelion, upande wa Kericho. Miaka mitatu kabla walikuwa wameanzisha nyingine Rawaseneng, kisiwani Java, Indonesia. Kipkelion ilidumu zaidi ya nusu karne, ikapata Waafrika wake, ikawa abasia. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Bonde la Ufa liliwaka, watu wakafukuzwa kwenye nyumba zao kwa sababu ya kabila, na jumuiya ya Kipkelion haikuweza kubaki. Mwaka 2008 walihamia Uganda, wakaanza upya Kijonjo, upande wa Masaka.

Sehemu ya fedha ya bia ya Tilburg imesaidia kuijenga nyumba hiyo ya Uganda. Ninapofikiria hoja za 1999, juu ya nani alikuwa mwenye kiwanda na nani mpangaji, huwa narudi hapa. Watawa waliofukuzwa na moto wa siasa wasingekuwa na pa kupata matofali kama mama yao angekuwa maskini, na mama yao asingekuwa na kitu kama kiwanda kingezama mikononi mwa wazee waliochoka. Kwa hiyo siwezi kuwalaumu waliotia saini na Bavaria. Waliona mzigo usiobebeka wakatafuta mabega. Walichokosea ni kuachia pia mlango, na mlango huo waliurudisha.

Mwaka 2009 kiwanda kilipotimiza miaka 125 kilitoa bia mpya, kikaiita Isid'or, kwa heshima ya bruda Isidorus, mpishi wa kwanza. Ilikuwa na nembo. Mwaka 2022 Bernardus Peeters, aliyekuwa abati wa Koningshoeven, alichaguliwa kuwa Abati Mkuu wa shirika zima, na sasa swali la nyumba yake ya zamani liko mezani kwake kutoka kila upande: abasia zenye majengo makubwa, bidhaa zinazotafutwa dunia nzima, na viti vingi vitupu kanisani. Nembo hutolewa kwa miaka mitano tu, kisha inaombwa upya. Kila inapoombwa, Koningshoeven wanapaswa kuonyesha tena kwamba wamo.